Siku ya kwanza Disneyland Paris, na watoto wa rika tatu na bibi mwenye goti: tuanzie wapi?

SWALI: Tunaishi Antwerp. Likizo ya shule ya mwisho wa Oktoba tunataka kuwapeleka watoto Disneyland Paris, hatujawahi kufika. Tuko sita: mimi, baba watoto, watoto watatu (miaka 4 mwenye sentimita 101, miaka 8 mwenye 126, miaka 13 mwenye 152) na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ana miaka 68 na goti linamsumbua. Tuna siku moja tu. Watu wanasema utashinda kwenye foleni mchana kutwa. Tupangeje? Na hizo rolakosta, yale magari ya reli yanayopanda na kuteremka kwa kasi, ni salama kwa watoto?

JIBU: Dada, siku moja inatosha mkikubali jambo moja mapema: mtaona bustani moja, sio mbili. Pale Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki ya Paris, kuna bustani mbili zilizopakana. Ya kwanza ni Disneyland Park yenye lile kasri la waridi, iliyofunguliwa Aprili 1992. Ya pili ilifunguliwa 2002 na kwa miaka mingi ikajulikana kama Walt Disney Studios. Tiketi ya siku moja kwa bustani zote mbili ipo, na inavutia ukiiangalia kwenye skrini, lakini kwa familia yenye mtoto wa miaka minne na mzee mwenye goti, kuhama tu kutoka bustani moja kwenda nyingine kunakula saa nzima. Chukueni Disneyland Park peke yake. Ndiyo yenye michezo mingi isiyo na sharti la urefu, na ndiyo yenye mabenchi na njia zilizoezekwa.

Kwenye tiketi, mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, miaka 3 hadi 11 ni bei ya mtoto, kuanzia 12 ni bei ya mtu mzima. Kwa hiyo ninyi ni watu wazima wanne na watoto wawili. Bei hupanda na kushuka kwa tarehe, na tiketi yenye tarehe maalumu ikinunuliwa mapema kwenye tovuti yao rasmi ni nafuu kuliko ya kununua dakika za mwisho. Sasa, wiki mliyochagua ni nzito: likizo za Ubelgiji na Ufaransa zinakutana, na tarehe 1 Novemba ni sikukuu nchi zote mbili. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyogusa sikukuu. Tena angalieni kalenda ya Halloween: usiku wa sherehe hiyo una tiketi yake ya pembeni, na mwenye tiketi ya kawaida hutolewa mapema kuliko siku nyingine.

Msije kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Antwerp kwa gari ni karibu saa nne, na mtoto aliyeamshwa saa tisa usiku hafiki mchana akiwa na furaha. Laleni jirani usiku wa kuamkia. Hoteli za Disney zenyewe ni ghali, ila zina faida moja ya kweli: wageni wao huruhusiwa kuingia saa moja kabla ya watu wengine. Kama bajeti haifiki huko, tafuteni hoteli Val d'Europe, kituo kimoja kabla ya bustani kwenye RER A, treni ya Paris na vitongoji vyake. Mkiwa na gari, shikeni barabara kuu ya A4 na mtoke njia namba 14. Maegesho yanalipiwa, wekeni akiba ya euro 30 hadi 40. Mkitokea katikati ya Paris, RER A ya kwenda Marne-la-Vallée–Chessy huchukua dakika 40 hivi kutoka kituo cha Châtelet. Hapa wageni wengi hupotea: reli hiyo inagawanyika baada ya Vincennes, tawi moja linakwenda Chessy na jingine Boissy-Saint-Léger, na treni zote mbili husimama jukwaa moja. Usipande kwa sababu imeandikwa A. Soma ubao wa vituo ulio juu ya jukwaa, uone taa ya Chessy imewaka.

Tukija kwenye foleni, ambayo ndiyo roho ya swali lako. Urefu wa foleni hauamuliwi na umaarufu wa mchezo peke yake, bali na idadi ya watu unaowameza kwa saa. Unaweza kuhesabu mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni. Ukiona kigari cha watu 4 kinaondoka kila sekunde 20, hao ni watu 12 kwa dakika, yaani 720 kwa saa. Wakiwa mbele yako watu 360, una nusu saa, na zaidi kama kuna mlango wa waliolipia kupita kwanza, maana wale wanakatiwa nafasi zilezile. Linganisha na "it's a small world", mashua zinazopita katikati ya wanasesere na kufuatana majini bila kukoma: foleni inaweza kuonekana ndefu na ikaisha kwa dakika kumi. Kwa hiyo kanuni ni hii: asubuhi nenda kwenye michezo inayomeza watu wachache, mchana watu wakijaa nenda kwenye ile inayomeza wengi. Wageni wa mara ya kwanza hufanya kinyume. Wanaingia, wanapiga picha kasri nusu saa, wanapanda kilicho karibu, halafu saa sita mchana wanakwenda Peter Pan na kukuta dakika 70.

Bustani kwa kawaida hufungua kwa umma saa 3:30 asubuhi (kwenye programu ya simu utaona 09:30, mwambie na mama, asije akasubiri saa tisa). Mabegi yote hukaguliwa kwa mashine kabla ya lango, na foleni ya ukaguzi ndiyo inayowachelewesha watu. Muwe mmeshaipita ifikapo saa 3:00.

Kisha gawanyikeni. Wewe, mdogo na bibi nendeni moja kwa moja nyuma ya kasri, sehemu ya bustani iitwayo Fantasyland, hadi Peter Pan's Flight. Ni vijahazi vinavyoning'inia kwenye reli ya juu, vinapita gizani juu ya taa za London. Hakuna sharti la urefu, na foleni yake haipungui mchana kutwa kwa kuwa kila chombo kinabeba watu wachache. Mkitoka hapo, Dumbo, wale tembo wanaozunguka angani, kwa sababu hiyohiyo. Baba awachukue wakubwa wawili kwenda sehemu ya Frontierland, kwenye rolakosta ya Big Thunder Mountain. Ikifika saa tano kasoro mtakuwa mmemaliza vitu ambavyo wengine watavipangia foleni hadi jioni. Kutaneni kwenye kijia cha Liberty Arcade, kilichoezekwa ubavuni mwa Main Street, ile barabara ya kutoka langoni kwenda kasri. Hakina upepo, kina mahali pa kukaa, na siku ya gwaride watu wakiziba barabara ninyi mnapita humo.

Kuhusu sentimita 101. Big Thunder inataka 102, kwa hiyo mdogo wako yuko mlangoni kabisa. Wahudumu hupima mtoto akiwa na viatu, na raba ya kawaida yenye soli nene humvusha kihalali. Mwili nao huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, kwani uti wa mgongo hubanwa na uzito mchana kutwa, basi kama ni kujaribu, jaribuni mapema. Msimjazie vitambaa ndani ya viatu. Kile kipimo ni njia ya haraka ya kukisia kama mapaja ya mtoto yatajaa chini ya chuma kinachomfunga, na kama akikaa na mgongo wake umegusa kiti hatateleza mbele breki zikishika. Kitambaa hakiongezi paja. Halafu kupita kwenye kipimo si sababu ya kupanda. Mpandisheni kwanza Casey Jr., kitreni kidogo cha Fantasyland kisicho na sharti la urefu. Akishuka anasema "tena", mpelekeni Big Thunder. Akishuka amekunja uso, mwacheni. Big Thunder ni dakika nne hivi, na inaanza kwa kuzama gizani chini ya maji, maana mlima wenyewe uko kisiwani.

Vipimo vingine vya bustani hiyo: Star Tours (chumba kinachotikisika mbele ya filamu ya safari za anga) 102, rolakosta za Hyperspace Mountain 120 na Indiana Jones 140. Autopia, vile vigari vya kuendesha, ni 81 kwa kupanda na mtu mzima, 132 kwa kuendesha peke yako. Wa miaka 8 atakanyaga mafuta akiwa na mkubwa pembeni. Kwa maandishi yao huyo wa sentimita 126 anaruhusiwa Hyperspace Mountain. Mimi nisingemwanzishia hapo. Treni hurushwa kwa kasi kutoka chini, ndani ni giza tupu, muziki masikioni, na unapinduliwa kichwa chini mara tatu bila kuona inakuja lini. Mtoto akitishwa na mchezo wa kwanza hugoma siku nzima, hata kwa mashua za wanasesere. Mpandisheni ngazi kwa ngazi: Big Thunder, Star Tours, na kama bado ana hamu, Hyperspace baada ya chakula kushuka. Indiana Jones ni ya wa miaka 13 peke yake. Ilifunguliwa 1993 na ndiyo rolakosta ya kwanza ya Disney kumpindua mtu kichwa chini. Ni fupi, na inatikisa shingo.

Kwenye treni ndefu kama Big Thunder, mahali unapokaa pana tofauti kubwa. Behewa la nyuma linavutwa na yaliyotangulia kuteremka, kwa hiyo linapofika kileleni tayari lina kasi na unahisi kunyanyuliwa kwenye kiti. La mbele linaning'inia kidogo kabla ya kushuka. Mwoga akae katikati kuelekea mbele. Wa miaka 13 aombe nyuma, mhudumu akiweza atampa.

Usalama. Rolakosta haiongozwi na mtu aliyeshika usukani. Njia nzima imekatwa vipande, na kompyuta hairuhusu treni mbili ziwe kipande kimoja. Mwishoni mwa kila kipande pana breki au mnyororo unaoweza kusimamisha treni. Akitokea abiria anayechelewa kufungwa kituoni, au sensa (kifaa cha kuhisi) ikisoma kitu isichokielewa, treni ya nyuma husimamishwa mwishoni mwa kipande chake hata kama ni juu mlimani. Kwa aliyeko juu inatisha, lakini huko ndiko kufanya kazi kwa mfumo. Kaeni, msijaribu kujinasua, mikono ndani. Ikichelewa, wahudumu hupanda ngazi za pembeni na kuwafungua mmoja mmoja. Majeraha ya kawaida kwenye bustani za namna hii yanatokana na mambo madogo: mtu kuteleza akipanda chombo, kidole kwenye mlango, simu iliyotolewa kupiga picha ikamrukia wa nyuma. Miwani, kofia, mtandio wenye pini na simu viwekwe kwenye mfuko wenye zipu. Mtandio ufungwe wa kubana, ncha zikiwa ndani ya koti. Chuma cha mapajani kikishashuka, kisukume juu kwa mkono mara moja: kisipande. Mjamzito, mwenye shida ya moyo, shingo au mgongo, au mwenye kifafa, asome ubao wa onyo kila mlango, na asipande kwa kuona haya.

Vikombe vinavyozunguka vya Mad Hatter vinaonekana vya kitoto, na ndivyo vinavyowatapisha baba watu. Sikio linasema unazunguka, macho yameganda kwenye kikombe. Usukani wa katikati ndio unaoongeza kasi; aushike mtu mzima, usiwe mikononi mwa wa miaka 8.

Sasa bibi. Siku nzima hapo ni kilomita nyingi za miguu, na goti lisiloonekana kusumbua saa nne asubuhi litalia saa tisa. Karibu na lango wanakodisha viti vya magurudumu na vigari vya watoto. Chukueni kiti asubuhi, hata kama mama atakataa kwa heshima zake; anaweza kukisukuma kama mkongojo na kukikalia akichoka. Ila mwelewe hivi: kukodi kiti hakumpi mtu haki ya kuruka foleni. Haki hiyo inatokana na kadi ya kipaumbele inayotolewa kwa wenye ulemavu au maradhi fulani wakionyesha vyeti vinavyokubalika, na barua ya daktari ya lugha ambayo mhudumu haisomi inaweza isisaidie. Someni masharti kwenye tovuti yao kabla ya safari, sio mlangoni. Na hati yake ya kusafiria asiisahau hotelini. Viza ya Schengen aliyoingilia Ubelgiji inamtosha Ufaransa.

Michezo inayomfaa ni hii. "it's a small world", ingawa kushuka kwenye mashua kunataka mkono wa kumshika. Phantom Manor, ile nyumba ya mizimu, ina viti visivyosimama: unapanda ukitembea juu ya mkanda unaokwenda, basi mwambieni mhudumu mapema kwamba bibi ana goti, wanaweza kupunguza mwendo. Kabla ya kufika kwenye viti mtasimama kwenye chumba cha giza kwa dakika kadhaa, na mdogo huenda akalia. Hapo mmoja abaki naye nje. Buzz Lightyear nayo ni viti vya mkanda, mnapiga shabaha kwa taa na kuhesabiwa pointi, na sijaona familia ambayo bibi hakuwashinda wajukuu angalau raundi moja. Pirates of the Caribbean, safari ya mashua kati ya maharamia, ni nzuri sana, ila ina miteremko miwili gizani na maji kidogo yanaruka. Treni ya Disneyland Railroad inazunguka bustani nzima kwa vituo vinne, na ni dakika ishirini hivi za kukaa. Vituo vingine vina ngazi, ulizeni pa kupandia.

Mkitaka kupanda ninyi wawili vitu asivyoruhusiwa mdogo, msipange foleni mara mbili. Mwambieni mhudumu wa mlangoni mnataka kupokezana mtoto. Mmoja anapanga foleni na kupanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wa pili anaingizwa kwa njia ya pembeni bila kusubiri tena. Na wa miaka 13, akikubali kukaa na wageni, apite mlango wa mpandaji mmoja pale Hyperspace Mountain. Wanamtumia kuziba kiti kilichobaki wazi, na mara nyingi hungoja nusu ya muda au chini yake.

Premier Access ni haki ya kulipia ili upite foleni fupi. Ipo ya mchezo mmoja mmoja, na ipo ya jumla inayokupa kila mchezo wa kwenye orodha mara moja. Bei hubadilika kwa siku, na ni kwa kila kichwa. Zidisha kwa watu sita kabla hujabonyeza: kwenye siku za likizo ile ya jumla inaweza kukaribia au kupita bei ya tiketi yenyewe. Kwa hali yenu ningetenga pesa ya mchezo mmoja tu, kwa wale wanaoupanda, na ningeitumia mchana kwa kile kilichoshindikana asubuhi. Michezo huharibika, Big Thunder ikiwa imefungwa saa 3:30, msisimame mlangoni kusubiri ifunguke. Nendeni Discoveryland, sehemu yenye Star Tours na Hyperspace, mrudi programu ikionyesha imefunguka, dakika zile za kwanza foleni huwa fupi. Programu hiyo inaonyesha pia michezo iliyofungwa kwa ukarabati; iangalieni wiki moja kabla, msije mkamwahidi mtoto kitu ambacho hakipo.

Kula saa 5:15 asubuhi au saa 8:30 mchana. Katikati ya hapo mtasimama kwa ajili ya viazi vya kukaanga muda ambao mngepanda vitu viwili. Migahawa mingi ya haraka inakubali kuagiza kwa simu. Nyama ya halali msiitegemee. Samaki na mboga vipo, na ulizeni mafuta na mchuzi. Vyakula vidogo vya kwenu vinaruhusiwa, ila sio chupa za kioo wala yale masanduku makubwa ya barafu. Sambusa, mayai ya kuchemsha na chapati za kukunja vinalika vizuri hata vikiwa baridi. Chupa tupu jazeni kwenye mabomba ya kunywa karibu na vyoo.

Mwisho wa Oktoba mchana unaweza kuwa nyuzi 15 na jioni 8, na foleni nyingi ziko wazi kwa upepo. Nguo tatu nyepesi juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito, kwa sababu ndani ya michezo kuna joto. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mdogo mwandikieni namba yako kwenye kifundo cha mkono kwa kalamu isiyofutika, ikianza na +32, kwani mhudumu wa Ufaransa akipiga namba bila msimbo wa nchi haitakupata.

Gwaride la mchana linawafaa bibi na mdogo: wakae dakika 45 kabla, upande wa Main Street, huku baba na wakubwa wakitumia muda huo kupanda, maana watu wakiwa barabarani foleni hupungua. Onyesho la usiku la kasri ndilo la kuamua kwa hali ya mtoto, sio kwa tiketi. Likiisha, maelfu huelekea kituoni kwa pamoja. Mkitaka kuliona bila kusukumwa, simameni nyuma upande wa Main Street karibu na lango badala ya mbele ya kasri. Mtaona taa zote na fataki, na mtakuwa nje kwa dakika tano. Kiti cha magurudumu kirudisheni kabla ya onyesho kuanza kama bibi ana nguvu, kwa sababu baada yake kila aliyekodi anarudisha wakati mmoja.